Vyumba vya Walio Wengi

Katika bandari kadhaa za dunia ziko nyambizi kuukuu, yaani merikebu za vita ziendazo chini ya maji, ambazo zimekwisha kuondolewa kazini na kufanywa makumbusho. Nyambizi hizo hazitunzwi na serikali wala na matajiri peke yao. Wako watu, wengi wao wafanyakazi na wastaafu, ambao siku zao za mapumziko hushuka ndani ya matumbo hayo ya chuma wakiwa na burashi, msasa na taa za mkono. Wakakwangua kutu, wakapaka rangi, wakarudisha mahali pake kitanda, meza na sufuria. Hawalipwi kitu. Na kazi wanayoishika kwa bidii si ya mizinga na injini tu. Wanavitengeneza pia vyumba walimolala na kulia chakula mabaharia wa kawaida.

Mtu wa Mtoni, au wa Bububu, au wa Malindi, aweza kuuliza: habari hii yatuhusu nini sisi? Unguja haina nyambizi wala haina haja nayo. Sisi twasema kwamba yatuhusu, tena sana, kwa sababu pale Mtoni tunayo nyumba kubwa iliyobomoka, ambayo waliishi ndani yake watu wengi kuliko waliopata kuishi katika nyambizi yo yote, na hatujaamua bado ni vyumba vya nani tutakavyovikumbuka.

Tuchukue kwanza mfano mmoja wa huko ng'ambo. Nyambizi ya Marekani iitwayo Pampanito iliingia kazini Novemba 1943, ikapigana katika Bahari ya Pasifiki, na tangu 1982 imefunguliwa kwa watazamaji katika bandari ya San Francisco. Urefu wake ni kama mita 95, na upana wake haufiki mita 9. Ndani ya mwanzi huo wa chuma waliishi watu wapatao 80. Maofisa walikuwa na vijumba vyao upande wa mbele. Mabaharia walio wengi walilala katika chumba kimoja chenye vitanda 36, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na chini ya sakafu ya chumba hicho ziliwekwa betri kubwa zilizoendesha chombo kilipokuwa kimezama. Wengine walitandika juu ya topido zenyewe, yaani makombora ya majini; wakalala juu ya silaha kama mtu alalavyo juu ya mkeka. Maji matamu yalipatikana kwa kuchemsha maji ya bahari na kuyakusanya mvuke wake. Betri na jiko vilipewa fungu lao kwanza, na kuoga kwa baharia kukangoja.

Basi mtu aingiapo katika nyambizi kama hiyo, hasa mtoto wa shule, haulizi kwanza mashine ina nguvu kiasi gani. Huuliza: walilala wapi? Walikula nini? Choo kiko wapi? Maswali hayo si ya kitoto. Ndiyo maswali ambayo kila mwanadamu huyajua majibu yake katika maisha yake mwenyewe, na kwa hiyo ndiyo mlango wa kuingilia katika maisha ya mwenzake. Wanaojitolea wanalijua jambo hilo. Ndiyo maana hawaridhiki chumba cha mabaharia kibaki kitupu, chenye kutu na giza, hali chumba cha nahodha kinang'aa.

Wala isidhaniwe kazi yao ni nyepesi. Chuma kilichokaa majini hulia jasho kwa ndani. Unyevu hushuka chini ya sakafu, na kutu huanza mahali pasipoonekana. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na vitambaa vilivyofungiwa mabomba ya moto mara nyingi vina asbesto, ambavyo vyote ni sumu kwa mapafu na damu. Kwa hiyo anayejitolea hafungui ukuta kwa nyundo kama apendavyo. Hufundishwa kwanza. Huangalia michoro ya waundaji wa chombo, huuliza wazee waliokitumikia, hutafuta kitasa au taa iliyopotea katika nyambizi nyingine ya aina hiyo hiyo inayokatwa kuwa vyuma chakavu, na kila anachokigusa hukiandika. Miezi mingi yaweza kupita juu ya jiko moja.

Katika Afrika yetu pia jambo hili lipo. Huko Simon's Town, Afrika Kusini, nyambizi iitwayo Assegaai, iliyoundwa Ufaransa na kuingia kazini 1971, iliondolewa katika utumishi 2003 na baadaye ikafanywa makumbusho. Waliowatembeza watazamaji ndani yake ni mabaharia wastaafu wa nyambizi, ambao waweza kumwonyesha mgeni kitanda na kumwambia maisha yalivyokuwa juu yake. Chombo hicho kilitumika miaka mingi chini ya utawala wa ubaguzi, na hilo halifichiki. Lakini kukitunza chombo si kuusifu utawala uliokinunua. Ni kuweka ushahidi mahali ambapo watu wote waweza kuuona na kuuliza.

Jambo hilo la ushahidi lataka kusemwa waziwazi, maana nyambizi ni chombo cha kuua, na Afrika Mashariki yaijua nyambizi kwa machozi. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka bandari ya Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500, na kati yao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Meli ile ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, na watu 1,297 wakafa. Vijana wetu wengi walikuwa chini, ndani ya meli, mahali walipopangiwa askari wa kawaida. Aliyekuwa juu alipata nafasi ya kuruka. Aliyekuwa chini hakuipata. Hapo ndipo tunapoona kwamba chumba alichopewa mtu chaweza kuwa ndicho kilichoamua uhai wake au kifo chake.

Na katika vita vile vile Pampanito inatupa mfano wa upande wa pili. Septemba 1944 nyambizi za Marekani, Pampanito ikiwa moja kati yao, zilizamisha meli za Kijapani bila kujua kwamba ndani yake walikuwamo wafungwa wa vita, Waingereza na Waaustralia. Siku chache baadaye Pampanito iliwakuta baadhi yao wakielea juu ya vibao, wamejaa mafuta ya meli, ikawaokoa watu 73. Chombo ambacho watu wake 80 walikuwa hawana nafasi ya kutosha kikabeba karibu mara mbili ya idadi yake. Ukisoma habari hiyo katika kitabu utaiona ni tarakimu. Ukisimama katika chumba chenye vitanda vyake vyote mahali pake, utajua maana ya kumpisha mgonjwa katika nafasi isiyozidi ubao mmoja. Hiyo ndiyo faida ya kukitengeneza chumba badala ya kukiandikia kibao tu.

Sasa turudi nyumbani. Unguja imeishi kwa bahari karne nyingi. Hata hivyo merikebu zake kubwa hazikubaki. Tufani ya 1872 iliyavunja majahazi na merikebu za Sultani. Glasgow, iliyoundwa Uskoti 1878 kwa ajili ya Sayyid Barghash, ilizamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na milingoti yake ikabaki ikichungulia katika maji ya bandari mpaka mabaki yake yalipoondolewa 1912. Sultana, iliyofika New York Aprili 1840 ikiwa na karafuu, pembe na tende, haipo. Picha ya mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, ilichorwa huko na yajulikana hata leo. Mabaharia waliovuta kamba zake kuizunguka Afrika hawatajwi katika masomo ya watoto wetu. Ndani ya Beit al-Ajaib kiliwahi kuwekwa chombo cha mtepe, kilichoshonwa kwa kamba kwa mfano wa vyombo vya kale, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini chombo cha kale ambacho watu waliishi ndani yake, na ambacho twaweza kuingia na kuuliza walilala wapi, hatunacho.

Tulichonacho ni Mtoni. Nyumba ya Beit al-Mtoni ilijengwa na Sayyid Said bin Sultan mwishoni mwa miaka ya 1820 na mwanzoni mwa miaka ya 1830, nayo ni ya zamani kuliko majumba mengine yote ya masultani yaliyosalia Unguja. Bibi Salme, bintiye, alizaliwa humo 1844, na katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani 1886 alieleza habari za ua mkubwa uliotembea tausi na paa, za hamamu nyingi zilizopangwa mstari mmoja, na za baraza iliyoielekea bahari, ambayo baba yake alitembea huku na huku akitazama merikebu. Alisema pia kwamba watu waliokaa katika nyumba ile walipata kama 1,000. Sayyid Said alifariki baharini 1856. Salme aliporejea kuitazama nchi yake 1885, nyumba ilikuwa imekwisha kuanza kuanguka. Moto wa 1914 ukamaliza sehemu kubwa ya iliyobaki. Leo wageni huingia wakaona kuta, matao na mabaki ya hamamu, na upepo wa bahari unaendelea kula chokaa.

Tunawaomba wasomaji wetu wasimame kidogo katika idadi ile ya watu 1,000. Mfalme alikuwa mmoja. Wake zake, masuria na watoto wake walikuwa makumi kadhaa. Je, waliobaki ni nani? Ni walioteka maji na kuyajaza mahamamu. Ni wapishi, wachukuzi wa kuni, waoshaji nguo, walezi, walinzi wa milango, wachungaji wa farasi, na wavuta makasia waliokwenda na kurudi baina ya Mtoni na mjini. Wengi wao walikuwa watumwa, walioletwa kutoka bara kwa nguvu; na utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria Unguja mpaka 1897. Hao ndio walio wengi wa Mtoni. Wao pia walilala mahali. Wao pia walikuwa na jiwe la kupikia, mtungi, na kona ya kuwekea mkeka.

Lakini mgeni afikapo Mtoni huambiwa habari za mfalme na binti mfalme. Habari hizo ni za kweli, na hatutaki zifutwe. Tunachosema ni kwamba hazitoshi. Nyumba ya watu 1,000 haiwezi kuelezwa kwa maisha ya watu wawili. Kama mabaharia wa San Francisco wameona haya kukiacha kitanda cha baharia kishikwe na kutu, sisi ambao Mapinduzi yetu yalifanywa kwa jina la wanyonge tuna sababu kubwa zaidi ya kuona haya tukiyaacha makazi ya watumishi wa Mtoni yafunikwe na majani bila hata kupimwa.

Wako watakaotujibu kwamba nyumba za watu walio hai zinavuja, na ni upuuzi kuhangaika na makazi ya waliokufa. Neno hilo tunaliheshimu, kwa sababu linatoka kwa mtu mwenye shida ya kweli. Walakini hatukubali kwamba ni lazima kuchagua moja. Kazi tunayoitaka haianzi kwa mamilioni ya shilingi. Inaanza kwa kupima, kufyeka, kuandika na kuuliza. Tena ufundi unaohitajika Mtoni, yaani kuchoma chokaa, kuponda na kuloweka, kujenga kwa mawe ya matumbawe na kuweka boriti, ndio ufundi uliojenga Mji Mkongwe, ulioandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, ambao maelfu ya watu wanaishi ndani yake hivi leo. Kijana atakayejifunza chokaa katika gofu la Mtoni ataziba ukuta wa nyumba ya bibi yake Malindi. Atajua kwamba saruji, ingawa ni ngumu, huufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe mpaka ukuta ukaoza kwa ndani, na kwamba chokaa huuacha ukuta upumue.

Wengine watasema: tumekwisha kujitolea sana katika nchi hii. Ni kweli. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa mpango uliosaidiwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, yamebeba jasho la wananchi waliochanganya zege na kubeba matofali. Katika hao wako waliokwenda kwa moyo wao, na wako waliokwenda kwa sababu waliamriwa. Wazee wetu wanaijua tofauti hiyo, nasi hatuna haja ya kuificha. Kazi ya amri humalizika msimamizi aondokapo. Kazi ya hiari huendelea kwa sababu mwenye kuifanya ameielewa na ameipenda. Makumbusho ya aina hii hayaishi kwa siku moja ya kelele na picha. Huishi kwa watu wanaorudi kila juma, mwaka baada ya mwaka, wakakuta kutu imeanza tena wakaikwangua tena.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo matatu, na tunayataja waziwazi ili yaweze kujadiliwa.

Jambo la kwanza ni kwamba kujitolea kusiwe njia ya kumnyima fundi ujira wake. Fundi mwashi wa chokaa ni mfanyakazi, na mfanyakazi hulipwa. Anayejitolea huja kumsaidia na kujifunza kwake, haji kuichukua kazi yake bure. Pahala po pote ambapo mwajiri atasema hana haja ya mafundi kwa kuwa wako wenye kujitolea, hapo jina jema la kujitolea limekwisha kutumiwa vibaya, na vyama vya wafanyakazi vina haki ya kusema hapana.

Jambo la pili ni usalama. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, nyumba iliyojengwa na Sayyid Barghash 1883, ilianguka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Unguja tumejifunza kwamba usipoziba ufa utazika watu. Kwa hiyo mtu ye yote asipelekwe chini ya tao la Mtoni mpaka wataalamu walipime na kulitegemeza. Kufyeka majani, kuchekecha mchanga, kuandika hesabu ya mawe na kuponda chokaa ni kazi za wenye kujitolea. Kugusa ukuta unaobeba mzigo ni kazi ya fundi chini ya uangalizi wa Mambo ya Kale. Hata mizizi ya mti iliyoingia ukutani haing'olewi kwa pupa, kwani mara nyingine mzizi ndio unaoushika ukuta usianguke.

Jambo la tatu ni ukweli. Wanaotengeneza nyambizi wana michoro ya waundaji. Twaweza kusema kitanda kilikuwa hapa, na bawaba yake ni hii. Vyumba vya watumishi vya Mtoni havikuandikwa kwa uangalifu kama huo, kwa sababu walioandika hawakuwaangalia. Basi tusikimbilie kuvipamba kwa kubuni. Tuchimbe kwa utaratibu, tukusanye vigae vya vyungu, majivu na makaa ya jiko, tusikilize masimulizi ya wazee wa Mtoni na vijiji vya jirani, na mahali tusipojua tuache pakiwa patupu, tukaandika kwamba hapa waliishi watu. Chumba kitupu chenye maelezo ya kweli ni heshima. Chumba kilichojazwa vitu vya kutunga ni matusi ya mara ya pili juu ya watu waliokwisha kutukanwa mara ya kwanza.

Tungependa mwanzo uwe mdogo. Isitangazwe kampeni ya kuijenga upya Beit al-Mtoni nzima. Kampeni kama hizo huanza na ngoma na kumalizika na vumbi. Pachaguliwe mahali pamoja tu, mahali ambapo wataalamu watakubali kwamba palikuwa pa kazi: jiko, au kisima, au makazi ya watumishi. Matawi ya chama, vyama vya wafanyakazi na shule za Mtoni zitoe watu wachache wenye kutaka wenyewe, wapewe fundi wa kuwaongoza, glavu na daftari, na siku yao moja katika juma isiyobadilika. Baada ya mwaka mmoja watazamwe wamefanya nini. Wakifanikiwa, waende mahali pa pili.

Watoto wetu watakapoingia hapo watauliza swali lile lile waulizalo watoto wa San Francisco na wa Simon's Town: walilala wapi? Kwa muda mrefu tumewajibu kwa kuwaonyesha baraza ya Sultani. Kazi iliyo mbele yetu ni kuwashika mkono, tukawapitisha nyuma ya hamamu, mpaka mahali walipolala watu waliozijaza maji.